Tangazo Lililopita Chini ya Waya Wangu

Kwa muda fulani watu wa mtaa wetu hapa Mlabani, Ifakara, waliamini kwamba ninajiandaa kufungua hoteli. Siwalaumu. Kila jioni, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto, nilikuwa nasikika nikipaza sauti, "Faivu Hoteli! Faivu Hoteli!", halafu herufi nyingine, halafu kimya, halafu hoteli tena. Dereva mmoja wa bajaji alinisimamisha akaniuliza kama nitapika chakula cha kueleweka au nitauza chipsi tu. Nikamweleza kwamba kila mtu anayerusha sauti kwa redio za namna ile hupewa jina la herufi na tarakimu, kwamba majina ya Tanzania huanza na tano na H, na kwamba hiyo H hutamkwa "hoteli" ili mtu aliye mbali asiikosee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Kwa hiyo chipsi hakuna."

Mimi si mtu wa watu. Natengeneza kompyuta na printa, na mteja akikaa sana dukani kwangu naanza kukunja uso bila kujua. Ndiyo maana redio ilinishika. Watu wa umri wa wazazi wangu wanaikumbuka redio kol ya misheni, ile ya kuulizia dawa au kuomba gari limfuate mgonjwa. Hii yangu ni ndugu yake, ila haina shughuli yoyote. Huagizi dawa, huulizii gari. Unaita hewani, mtu usiyemjua wa nchi usiyoijua anakuitikia, mnaambiana mnasikizana vipi, mnaagana. Hakuna anayekaa dukani kwako. Kwa mtu wa tabia yangu ilikuwa kama nimetengenezewa mimi.

Nilisoma usiku na mchana, nikafanya mtihani, nikasubiri leseni mpaka nikaanza kuwachukia watu wasio na kosa, na hatimaye nikaipata. Mashine niliinunua kwa mtu wa Morogoro aliyekuwa anahama, ikaja kwa basi imeviringishwa kwenye blanketi. Ikabaki antena. Nilivua waya wa shaba kutoka kwenye kebo chakavu, upande mmoja nikaufunga kwenye mlingoti wa mianzi nyuma ya choo. Upande wa pili ulihitaji mahali pa juu, na pa juu pekee palipokuwa karibu ni mnazi wa jirani yangu.

Jirani huyo ni mama mmoja mjane, mkulima wa mpunga, anayekwenda shambani kwa baiskeli akiwa amefunga jembe nyuma. Nilimwendea na shikamoo yangu, nikamweleza kwamba waya utapita juu ya paa lake, kwamba hautamdhuru, kwamba hauna umeme wa kuua mtu. Hakuniuliza hata unafanya kazi gani. "Pitisha tu, mwanangu," alisema. "Hewa si yangu." Akanishikia ngazi.

Nilianza kuita. Wenzetu wa redio wana maneno yao ya kupiga hodi, "sii kyuu", maana yake nyote mnaonisikia, na mimi nilipiga hodi mpaka koo likauma. Nilikuwa nawasikia watu, Warusi, Waarabu, Wahindi, wanaongea wao kwa wao kwa raha zao, lakini nikiita mimi hakuna anayegeuka. Nilijua saa nzuri ni ile jua linapozama, mawimbi yanapokwenda mbali, basi kila jioni nilifunga duka mapema nikakaa mezani. Jioni ile ndiyo ilikuwa saa yangu, na sikutaka mtu aniguse.

Jioni ileile ilikuwa saa ya jirani yangu pia, na hilo nililijua. Alikuwa na redio ndogo ya betri, mgongo wake umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na kabla ya taarifa ya habari aliikalisha juu ya kiti, yeye akakaa chini kwenye mkeka, akasikiliza matangazo ya vifo. Mtaani kwetu alibaki yeye tu. Sisi wengine misiba inatufikia kwa simu, tena na picha. Yeye laini yake ilifungwa wakati wa kusajili kwa alama za vidole, kwa sababu mashine ilikataa vidole vyake. Palizi za miaka yote zimevilamba, hakuna alama iliyobaki. Alirudi mara kadhaa, wakamwambia apake mafuta, apake limau, akachoka. "Wenye shida na mimi watanitangaza redioni," alisema, na alikuwa anatania.

Siku moja alinisalimia kwenye uzio akaniambia redio yake imeanza kukoroma.

"Inakoroma vipi, mama?"

"Kama mtu mzima aliyelala chali. Mtangazaji anasoma vizuri, mara huyo mtu anaanza. Akinyamaza, mtangazaji anarudi. Akianza tena, basi."

Nilijua. Hapo ndipo kichwa changu kinaporudi kila nikikaa peke yangu, kwa hiyo nasema wazi: nilijua, au nilijua nusu, na nusu hiyo ilitosha. Sauti ya redio kama yangu, ikiingia kwenye redio ya kawaida iliyo chini kabisa ya waya, hutoka hivyo hivyo, mkoromo usio na maneno. Swali la kuingilia redio za majirani lilikuwemo kwenye mtihani wangu. Nililipata. Lakini kukiri kungemaanisha nisirushe saa ile, na saa ile ndiyo pekee niliyokuwa naitaka.

"Betri hizo, mama," nilimwambia. "Badilisha betri."

Akanishukuru. Akaenda dukani akanunua betri mpya.

Wiki hiyohiyo, nilipokuwa nimeshakata tamaa, mtu aliniitikia. Alikuwa mzee wa Italia, sauti inakwaruza, analitaja jina langu la hewani taratibu, herufi kwa herufi, na alipofika kwenye hoteli nikaangusha kikombe. Nilimpa namba za usikivu wake, tano tisa, akanipa zangu, tano tano. Aliniuliza niko mji gani, nikasema Ifakara, akauliza tena, nikasema tena, kwa kelele, nikaitaja silabi kwa silabi. Tuliachana. Nikatoka nje nikaruka ruka uwanjani kama mtoto, halafu nikarudi ndani nikaita tena mpaka giza. Kesho yake jioni nikampata mtu wa Bulgaria. Sikumbuki siku mbili katika utu uzima wangu nilizofurahi kiasi kile, na naona aibu kuandika hivyo nikijua zilikuwa siku gani kwa mwenzangu.

Siku chache baadaye mama yule alikuwa sokoni. Mwanamke mmoja mnunuzi wa mpunga, aliyetoka upande wa Mlimba, akamwona, akaweka chini mzigo wake, akamshika mikono miwili. "Pole sana kwa msiba," akamwambia.

"Msiba gani?" akauliza mama.

Dada yake mkubwa alikuwa amefariki na ameshazikwa. Njia zilikuwa zimejaa maji, mtu wa kumtuma hakupatikana, hivyo ndugu walilipia tangazo kwenye redio. Lilisomwa jioni mbili mfululizo. Lilimtaja kwa jina lake la ukoo na kusema habari zimfikie popote alipo. Walimsubiri, wakachelewesha kaburi kadiri walivyoweza, kisha wakazika bila yeye.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo mwanamke wa sokoni hakuweza kulificha. Mama na marehemu dada yake walikuwa hawasalimiani tangu mavuno yaliyopita, kwa ajili ya shamba la mpunga aliloacha baba yao. Hivyo mama alipokosa kutokea, hakuna aliyewaza redio. Walisema amesusa. Kususa chakula ni mambo ya watoto. Kususa harusi watu watanuna, watakusema, yataisha. Kususa msiba wa dada yako wa tumbo moja ni jambo linalofuata mtu mpaka kwa wajukuu wake, na kwao huko lilikuwa limeshaanza kutembea.

Alikuja kwangu jioni hiyo na redio yake mkononi, macho yamevimba. Hakuja kulalamika. Alikuja kwa fundi. "Niangalizie, mwanangu," alisema. "Walitangaza siku mbili, na siku hizo mbili ndizo ilizokoroma sana. Nataka kujua ilikuwa na ugonjwa gani."

Nilifungua ile redio juu ya meza yangu kwa sababu nilikosa pa kuweka mikono. Haikuwa na ugonjwa. Nikaifunga, nikairudishia mpira wake, nikaiwasha, mtangazaji akasema vizuri. Halafu nikavuta kipaza sauti changu, nikabonyeza, nikasema jina langu la hewani kwa sauti ya chini.

Redio ikakoroma.

Mama aliiangalia redio, akaniangalia mimi. Nilirudia, ikakoroma tena. Nikamwambia yote: waya, mnazi, mzee wa Italia, betri. Nilimwambia hata kuhusu betri. Nilikuwa nasubiri anizabe kofi, na naapa lingenisaidia.

"Kumbe ni wewe," alisema. Halafu uso wake ukafunguka, jambo nililokuwa sijalitarajia hata kidogo. "Kwa hiyo sikususa. Unaona? Wamenifanya nijiulize mwenyewe usiku kucha, labda nilisikia nikajifanya sikusikia, kwa ile hasira. Kumbe sikusikia. Sikususa mimi."

"Hukususa, mama."

"Basi utakwenda na mimi kwenye arobaini. Ukawaambie hivi hivi ulivyoniambia."

Nilisema nitakwenda. Nilishusha waya siku ileile, ingawa ulikuwa umechelewa kushuka. Siku zote za kungoja arobaini alikuwa mwepesi, karibu mchangamfu, ananiita nije nile kwake, ananikumbusha nisije nikasahau neno hata moja. Alikuwa ananitegemea mimi, mtu niliyemfanyia vile. Nilikula ugali wake na kila mara nilibakiza.

Tulikwenda kwa treni, mpaka kwao upande wa Mlimba. Yeye aliibeba redio kwenye kapu, imefungwa kwa kanga, kwa sababu alisema wenzake watataka kuona. Sikufikiria. Mtu mwenye leseni ya redio, aliyefaulu mtihani, sikufikiria jambo dogo kama hilo.

Walitupokea vizuri kwa maneno na vibaya kwa macho. Watoto wa marehemu walimwamkia mama yao mdogo, lakini walimwamkia wakiwa wamesimama mbali. Baada ya sala tukaingizwa ndani, kwenye mikeka, na kaka mkubwa wa mama na marehemu, mzee mwembamba aliyevaa koti zito pamoja na joto lote lile, akasema, "Mdogo wangu, umekuja. Tunasikia una la kusema."

"Huyu ndiye atasema," alijibu mama, akanionyesha.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Wewe ni nani kwake?"

"Jirani yake wa Mlabani."

"Haya. Tunakusikiliza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi, na nilipofungua mdomo yakatoka maneno ya kitabuni. Masafa, mawimbi, muingiliano. Nilijisikia naongea kama mtu anayewauzia kitu. Mzee aliinua mkono.

"Ngoja kwanza. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mtu wa Italia. Kesho yake na mtu wa Bulgaria."

"Mnafahamiana?"

"Hapana, mzee."

"Alikuwa na shida?"

"Hapana."

"Wewe ndiye ulikuwa na shida?"

"Hapana."

"Sasa mlikuwa mnaambiana nini?"

"Nilimwambia namsikia vizuri. Na yeye akaniambia ananisikia kiasi."

"Halafu?"

"Halafu tukaagana."

Mtu mmoja nyuma alicheka puani, akazuia, wengine wakashindwa kuzuia. Hakikuwa kicheko kibaya. Walikuwa wanacheka jinsi mtu anavyocheka uongo ambao haukutengenezwa vizuri. Nilitaka kuwaambia kwamba ndivyo ilivyo, kwamba ndiyo raha yake, na nikajisikia nikiikosa hiyo raha yenyewe, sioni iko wapi.

"Mama mdogo," akasema binti mkubwa wa marehemu, "redio yenyewe ni ile iliyoko kwenye kapu?"

Mama akaitoa, akaifungua kanga, akampa kwa mikono miwili. Binti akaiwasha. Kwaya ikaimba. Iliimba safi, kila sauti mahali pake, kwa sababu waya wangu ulikuwa Ifakara, umeviringishwa chini ya kitanda. Ikaimba na kuimba, na hakuna aliyeizima.

"Haikoromi," alisema binti. Akamgeukia. "Mama mdogo, huyu umemtoa wapi? Si ungekuja tu mwenyewe? Mpaka umletee marehemu mtu wa kumsingizia Mtaliano?"

Nilianza kueleza upya, kwa haraka, kwa jasho, kwamba lazima uwe chini ya waya, kwamba nikipewa nafasi naweza kuwaonyesha, waje Ifakara hata mmoja tu. Kila nilipoongeza neno niliona nyuso zinazidi kufunga, na niliona kwamba sasa hazijafungwa kwangu, zimefungwa kwake. Alikuwa amekosa maziko, na sasa, machoni pao, amekuja na uongo juu yake. Nilikuwa namzamisha kwa ukweli.

Mama alinigusa mguu. "Nyamaza, baba," alisema. Halafu, kwa sauti ileile, "Zimeni redio."

Wakazima.

"Mwacheni mtoto wa watu. Nilimwomba mimi aseme vile, kwa sababu niliona aibu. Tangazo nililisikia. Jioni zote mbili nililisikia, na jina langu nililisikia. Nilikuwa na hasira ya shamba. Nilisusa."

Nikamwona mzee akishusha pumzi na mabega yake yakilegea. "Sasa hapo umesema," alisema. Akaagiza maji. Hili walikuwa wanalijua. Hasira za ndugu, shamba la baba, mtu kukaza moyo mpaka akapitwa. Kwa hilo walikuwa na maneno, na mahali pa kushika. Mzee alimwambia kwamba amekosa sana, alimwambia mbele ya watu wote, na alipomaliza kumwambia akachota maji kwa kiganja akamnyunyizia kichwani. Watoto wa marehemu wakamwangukia. Mama akalia hapo, mara yangu ya kwanza kumwona akilia, akamlilia dada yake kwa jina la utotoni, na wote wakalia naye, wakamfunika na kanga zao mpaka sikumwona tena.

Nilikuwa nimekaa karibu nao kabisa. Ningeweza kusema si kweli. Lingekuwa neno fupi. Sikulisema, na nikiwa mkweli sikunyamaza kwa hekima wala kwa kumtii. Nilinyamaza kwa sababu nilisikia mzigo unanitoka mgongoni, na ilikuwa nafuu kubwa. Waliponiletea wali na kuku, kama mgeni aliyemsindikiza mama yao mdogo, nilinawa nikala nikamaliza.

Kwenye treni ya kurudi alikaa dirishani. Mpunga ulikuwa umekomaa bonde zima, na aliuangalia kama mkulima anavyouangalia wa wenzake, akikosoa moyoni. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama, kwa nini ulisema vile?"

"Ulitaka tukae pale mpaka lini? Ya kwako hawakuielewa. Ya kwangu wameielewa, wamenisamehe, wamenionyesha kaburi. Mimi nilitaka kaburi."

"Lakini si kweli."

"Najua si kweli." Alinigeukia, na safari hii alikuwa mkali. "Mimi sikususa. Usinifanye nibishane na wewe tena. Sikususa."

"Ndiyo, mama. Hukususa."

Tulipita stesheni ndogo, watu wakashuka na magunia yao, wengine wakapanda. Alisubiri treni ikaondoka.

"Kaka yangu hajui," alisema. "Watoto hawajui na hawatajua, na dada yangu huko aliko sijui kama anajua. Dunia nzima unajua wewe peke yako." Akanipiga kidogo gotini, kama mama anayetania na mtoto wake. "Kwa hiyo usije ukafa kabla yangu."

Alicheka. Mimi sikuweza. Nilimwambia sitakufa, akasema haya, akaegemeza kichwa dirishani akalala.